Hizi tokeni zinaenda wapi?

Jamani watu wa Kisauni, tokeni zenu za stima zinafika wapi? Mie natia ya mia tano, feni na friji tu basi zishaisha, na joto hili la Mombasa feni utaizima vipi wallahi. Nikakaa nikaisoma ile meseji ya tokeni vizuri, kumbe tunalipia mengi, kuna pesa ya mafuta maana mitambo kama ya Kipevu na Rabai hapa kwetu inachoma mafuta mazito, kuna ya dola, shilingi ikishuka tunafidia sisi, kuna asilimia 5 ya stima za vijijini na VAT asilimia 16. Kenya Power wakitaka kupandisha bei yenyewe lazima EPRA, wale wasimamizi wa kawi, wapitishe, nao Kenya Power wanasema nyaya na transfoma zimechakaa na stima nyingi inapotea njiani, haya sawa, lakini hiyo stima ya kuibwa nayo sehemu yake tunalipishwa sie tunaolipa!! Na tangu Aprili 2023 ukipita yuniti 30 kwa mwezi ushatoka bei ya chini, ukipita 100 ndo kabisaa. Jirani yangu muuza barafu kapandisha ya kumi ikawa kumi na tano, sasa wateja wanamnunia yeye