Mada za hotuba: tafuta mwenye jibu

Leo, hapa Lubumbashi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, tumechagua mada za shindano la hotuba la wanafunzi. Karatasi waliyoniletea wanafunzi ilijaa mambo mazito: demokrasia Afrika, amani duniani, vijana taifa la kesho. Nimezikataa karibu zote. Kijana wa miaka 17 akipewa dakika tano kuhubiri amani duniani, atasema yale yale ambayo ukumbi mzima umeshayasikia, atapigiwa makofi, basi.

Aliyenifurahisha ni msichana mmoja wa Ruashi, komini (manispaa) mojawapo ya mji wetu. Amenakili kwa mkono, kwenye daftari lake la hesabu, kifungu cha 242 cha Sheria ya Madini ya Kongo iliyorekebishwa mwaka 2018. Pale ndipo mrabaha, yaani malipo ambayo kampuni za migodi hulipa kwa madini zinayochimba, unapogawanywa: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa serikali ya chini ambamo mgodi upo, iwe mji, komini, sekta au eneo la chifu, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Ile 15 ameipigia mstari mpaka karatasi imetoboka. Akaniuliza: "Mwalimu, hizi pesa zinaandikwa wapi? Naweza kwenda kwa burugumesta, mkuu wa komini yetu, kuomba nione?"

Nikamwambia hotuba yake ianzie hapo hapo. Swali lake lina mtu anayepaswa kulijibu, na mtu huyo ana ofisi na mlango wa kubisha. Ndicho ninachokitafuta katika mada yoyote ile.

Kobalti, madini yanayotumika kwenye betri, nayo nimeigawa kwa wavulana wawili wabishane. Kongo ndiyo inayotoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima. Bei ilipoporomoka, serikali ilisimamisha kuiuza nje Februari 2025, halafu Oktoba ikaanza kuwapangia wauzaji viwango vya kiasi wanachoruhusiwa kuuza. Mmoja atatetea uamuzi huo. Mwenzake, ambaye baba yake mdogo ni mchimbaji wa mkono, anataka kujua wachimbaji wadogo walikumbukwa wapi. Sitawasaidia kupatana.

Elimu ya msingi bila malipo, iliyoanza 2019, imechukuliwa na binti ambaye mama yake anafundisha darasa la kwanza. Huyo sina wasiwasi naye.

Anayenikosesha usingizi ni kijana aliyehamia Lubumbashi na mama yake baada ya waasi wa M23 kuuteka mji wa Goma, mashariki mwa nchi, mwishoni mwa Januari 2025. Anataka kuzungumzia vita. Walimu wenzangu wananishauri nimpe mada nyepesi, mazingira labda. Mimi sikubali. Kifungu cha 23 cha Katiba ya 2006 kinampa kila mtu haki ya kutoa maoni yake, na huyu ana la kusema kuliko sisi sote tuliokuwa tukifuata habari redioni. Kwake sikuuliza nani atajibu. Nimemwambia aeleze alichokiona kwa macho yake, aache kaulimbiu za mtu yeyote, na afute majina ya majirani zake, maana wao bado wanaishi kule.