Neva za Ulimi: Nilivyozielewa kwa Kuanzia Kwenye Kiinitete

Karibu kila aliyenitangulia darasani alinishauri jambo lile lile: neva za ulimi hazina mantiki, zikariri tu. Ushauri huo unaniudhi hadi leo. Nililikariri jedwali kama nilivyoelekezwa, yaani neva ya fuvu (neva zinazotoka moja kwa moja kwenye ubongo) ya 5 kwa mguso wa mbele, ya 7 kwa ladha ya mbele, ya 9 kwa mguso na ladha ya nyuma, ya 10 kwa sehemu iliyo jirani na epigloti (kifuniko cha njia ya hewa) na ya 12 kwa misuli, lakini namba hizo hazikukaa, kwa kuwa hapakuwa na sababu ya kuzishikilia.

Hapo ndipo nilipoliweka jedwali kando na kuchukua udongo wa kufinyangia wa rangi nne, rangi moja kwa kila tao la koromeo (mikunjo ya tishu inayojitokeza eneo la koo la kiinitete, yaani mtoto anapoanza kuumbwa tumboni), la kwanza hadi la nne. Kila tao huja na neva yake: la kwanza ya 5, la pili ya 7, la tatu ya 9, la nne ya 10. Kwa binadamu, ulimi huanza kuchomoza mwishoni mwa wiki ya 4, kwenye sakafu ya koromeo. Tao la kwanza hutoa kivimbe kimoja cha katikati na viwili vya pembeni. Hivi viwili hukua upesi, hukifunika kile cha katikati na kuungana, na ndivyo zinavyopatikana theluthi mbili za mbele za ulimi.

Utamu ulikuwa kwenye hatua iliyofuata. Niliusukuma udongo wa tao la tatu uelekee mbele, ukaupanda ule wa tao la pili mpaka rangi ya tao la pili ikatoweka kabisa kwa juu. Nilifurahi mno, kwa kuwa hapo hapo nilijua kwa nini utando wa theluthi ya nyuma hutumikiwa na neva ya 9, si ya 7. Neva ya 7 yenyewe hupenyeza tawi jembamba katika eneo la tao la kwanza, na kwa tawi hilo hubeba ladha ya mbele. Pale sehemu mbili zinapokutana hubaki mfereji wenye umbo la V, na kwenye ncha yake kuna kitundu ambapo tezi ya thairoidi ilianzia kabla ya kushuka shingoni.

Misuli haitoki kwenye matao hayo. Seli zake husafiri kutoka somaiti (vipande vya tishu vilivyopangika mgongoni mwa kiinitete) za kisogoni, zikiikokota neva ya 12. Kwa hiyo nilipitisha uzi, kama neva hiyo, kutoka nyuma ya ubao niliofinyangia hadi ndani ya udongo. Msuli mmoja tu, ule unaounganisha kaakaa na ulimi, hutumikiwa na neva ya 10, na huo ukumbukwe peke yake.

Mtihani wa mdomo ulinipa swali nililolitamani: kwa nini vile vinundu vikubwa vya ladha vilivyo mbele kidogo ya mfereji hutumikiwa na neva ya 9? Nilieleza kuwa utando wa tao la tatu huvutwa mbele kidogo kuupita mpaka huo. Baadaye nilipohamia vielelezo vya panya, ambaye ulimi wake huanza kuonekana karibu siku ya 11 ya mimba, sikuhitaji jedwali jipya. Nilibadilisha kalenda tu.