Miaka Iliyoliwa na Nzige

Mwaka 2020, mvua kubwa ilipomwagika katika vilima vya Nandi na Mto Nyando ukavunja kingo zake, maji yaliingia nyumbani kwetu karibu na Ahero usiku wa manane, yakachukua kuku na magunia ya mpunga, kisha yakalifunika kaburi la mama, ambaye tulikuwa tumemzika miezi miwili tu iliyotangulia. Biblia yake niliikuta imevimba kama mkate uliolowa. Niliianika juu ya mabati siku tatu, nikigeuza kurasa moja baada ya nyingine kwa kijiti cha fagio.

Sikuwa nikiomba wakati huo. Nilikuwa nimemnunia Mungu, na sioni haya kulisema. Lakini katika kugeuza kurasa hizo nilifika kwa nabii Yoeli, mahali ambapo Bwana anaahidi kuirudisha miaka iliyoliwa na nzige, parare, madumadu na tunutu. Nilishangaa kwamba ahadi yenyewe inataja miaka, wala si nafaka peke yake, kwa maana nafaka mtu aweza kukopeshwa na jirani, ila miaka hakuna awezaye kumrudishia.

Mama hajarudi, wala sidai kwamba pengo lake limezibika. Hata hivyo maji yalipopungua yaliacha tope jeusi, na baba, aliyekuwa ameapa kutoshika jembe tena, aliamka alfajiri moja akaniuliza mbegu ziko wapi.