Kiingereza nilikipata jikoni, na Kiswahili hakikutoka

Tulipofika Columbus, Ohio, Marekani, ushauri wa kwanza niliopewa ndio uliokuwa mbaya kuliko yote: acheni Kiswahili nyumbani, ongeeni Kiingereza tu, la sivyo watoto watachelewa. Aliyenipa alikuwa mtu aliyesoma, nikamwamini. Tukajaribu wiki tatu. Nyumba ikapoa kama ya msiba. Mimi na mume wangu hatukuwa na maneno ya kutosha hata ya kumkanya mtoto, na watoto nao wakaacha kutusimulia ya shule. Nikizikumbuka zile wiki tatu nakasirika mpaka leo.

Sarufi nilitoka nayo sekondari Tanga. Nilichokosa ni misemo. Jirani yetu, mama mtu mzima anayeishi peke yake, nilimkaribisha chai na chapati Jumamosi moja. Akanijibu kwa tabasamu kwamba atachukua "rain check". Mvua naijua, hundi naijua, nikadhani kakubali. Nikasukuma chapati, nikasubiri, hakuja. Niliumia, nikaona amenidharau. Binti yangu wa darasa la tano akaenda kuuliza shuleni, akaniletea jibu: maana yake ni siku nyingine, usinifute. Maneno yenyewe yalitoka kwenye tiketi za besiboli za karne ya 19. Mvua ikivunja mchezo, unapewa kipande cha kukuingiza siku nyingine.

Jioni ile ile tukabandika karatasi kwenye friji. Karatasi za kunata ni dola mbili tatu tu. Kila wiki msemo mmoja wa Kiingereza, na chini yake lazima methali ya kwetu inayoelekeana nao. "Too many cooks spoil the broth", wapishi wengi huharibu mchuzi, tukauwekea manahodha wengi chombo huenda mrama. Ule wa ndege mmoja mkononi kuliko wawili kichakani, baba yao hakufikiri hata dakika: moja shika, si kumi nenda uje. Watoto walifundishwa lugha mbili kwa karatasi moja, na mimi pia.

Lakini maneno yaliyoniganda zaidi niliyapata usiku wa kuamkia Thanksgiving, sikukuu ya Wamarekani ya kutoa shukrani. Sikukuu hiyo huwa Alhamisi ya nne ya Novemba, sheria iliyopitishwa mwaka 1941. Nilinunua bata mzinga wa kilo saba Jumatano jioni, jiwe tupu la barafu. Kwenye mfuko wameandika: akiyeyukia ndani ya friji, siku tatu au nne. Kesho yake mchana tuna wageni! Binti akaendelea kusoma kwa sauti, kidole kwenye maandishi, akafika penye njia ya pili: mzamishe kwenye maji baridi akiwa ndani ya mfuko wake, badilisha maji kila nusu saa. Tukapiga hesabu, kazi ya karibu masaa manane. Tukaanza saa tatu usiku. Kila zamu ya maji nilidai neno jipya kutoka kwenye ule mfuko, nalo tunalitamka mpaka likae: thaw (kuyeyuka), giblets (firigisi, maini na vya ndani), gravy (mchuzi mzito), drumstick (paja la chini). Mdogo alilala kwenye saa tano, dada yake akavumilia hadi saa saba, mimi nikaendelea na sinki na maneno yangu mpaka saa kumi na moja alfajiri. Ndege akaingia oveni amelainika kabisa. Ukinunua wewe, nunua Jumamosi.

Mezani tuliweka pilau pembeni yake, kwangu haikosi. Jirani alikuja, akasimulia kwamba sigara aliziacha "cold turkey", yaani neno kwa neno, bata mzinga baridi. Binti akanitazama aone kama nimeshika. Nikamuuliza jirani kwa Kiingereza: kwa siku moja, bila kupunguza kidogo kidogo? Akasema ndiyo, siku ileile. Msemo huo niliuelewa kutokana na mazungumzo, bila kuambiwa na mtu, na furaha ile siwezi kuipima.

Siku hizi bibi yao naye yumo, kutoka Tanga. Msemo ukitushinda tunamtumia sauti kwenye WhatsApp. "Spill the beans", kutoboa siri, ulitukalia friji siku tisa bila mwenzake. Bibi aliusikiliza, akajibu kabla chai yake haijapoa: "Waambieni wajukuu zangu, usimwage mtama penye kuku wengi." Mdogo aliukimbilia ukuta wa friji na kalamu mkononi, akaandika mwenyewe.