Nilivyomwona Nzohe wa Saiwa Baada ya Uongo wa Miaka Tisa

Nafundisha shule ya msingi karibu na Kitale. Kila mwaka tukifika kwenye wanyama pori, hakosi mtoto wa kuuliza, "Mwalimu, wewe umemwona nzohe?" Nami hujibu, "Mara nyingi." Uongo mtupu. Nzohe ni yule swala wa bwawani, wengine humwita sitatunga. Mbuga ya Kitaifa ya Saiwa ni hapo tu kwenye barabara ya kwenda Kapenguria. Ni ndogo kuliko zote Kenya, kama kilomita tatu za mraba, na ilitengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe huyo huyo. Miaka tisa sikuwa nimeikanyaga.

Desemba iliyopita, shule zimefungwa, mvua imekatika na mahindi yamevunwa, nikasema sasa basi. Kosa langu ni kumuuliza shemeji, ambaye hajawahi kukosa jibu. "Nenda saa saba mchana," akasema. "Jua likiwaka, wanatoka majini kuota."

Tukaenda wote. Shemeji alivaa koti jekundu, akabeba chapati za kulisha harusi. Tulipanda kwenye jukwaa la mbao linalotazama bwawa, tukakaa saa tatu nzima. Tuliona matete. Upepo ulipovuma tuliona matete yakiinama. Shemeji alikula, akalala, akaanza kukoroma hadi ndege wakanyamaza. Halafu simu yake ikalia, kwaya nzima kwa sauti ya juu, na huko chini kitu kikafanya chubwi! "Umemwona?" akaniuliza, macho bado yamefumba. Njiani nikamnunulia chai, maana alidai ametimiza kazi.

Langoni askari wa mbuga alitucheka kwa adabu. "Mwalimu, saa hizo nzohe amejilaza ndani ya matete. Njoo saa kumi na mbili asubuhi tukifungua, ama jioni. Na huyu mwache nyumbani."

Wiki iliyofuata nikarudi peke yangu. Bodaboda kutoka barabarani ilikuwa mia mbili, au mia tatu, tulibishana. Kiingilio ni mia kadhaa kwa mwananchi na unalipa kwa simu, kwa hiyo usifike na salio la kubahatisha. Anayekwambia kiangazi ni joto hajalala Kitale. Nilivaa sweta mbili nyeusi na bado meno yaligongana. Magari hayaingii, unatembea kwa miguu, na mahali penye tope kuna njia ya mbao. Tembea kwa kunyata, kama mtu aliyechelewa kurudi nyumbani usiku.

Sasa sikilizeni akili ya mwalimu. Ukungu ulikuwa umelala bwawani na kila kitu kilifanana na mnyama. Ningekazia macho kitu cheusi hadi kianze kupumua, kumbe ni kisiki. Nikaegemeza simu kwenye ukingo wa jukwaa, nikapiga picha. Baada ya dakika kumi nikapiga nyingine, palepale, bila kusogea. Kazi yangu ikawa kuhesabu visiki. Picha ya kwanza, vinne. Ya pili, vinne. Ya tatu, vinne, na vidole vimekufa ganzi. Ya nne, vitano.

Kisiki cha tano kilikuwa na masikio.

Alikuwa jike, hana pembe, rangi ya kahawia iliyokolea wekundu, maji yamemfika tumboni, anatafuna machipukizi taratibu kama ng'ombe wa mama mkwe. Alipoinua mguu niliona zile kwato nilizozichora ubaoni miaka yote, ndefu na zimepanuka, ndizo zinazomzuia kuzama kwenye tope. Wakitishwa huzama wakabakiza pua tu juu ya maji, ndiyo maana nilizuia chafya hadi machozi yakanitoka. Nilimtazama robo saa.

Korongo taji wawili walipita juu wakipiga kelele. Kwenye mti nyuma yangu alikuwepo kalasinga, yule tumbili wa ndevu nyeupe, akinikagua kama mkaguzi wa shule. Siku nyingine ningemwandikia ukurasa mzima.

Januari nilipita na simu darasani, dawati kwa dawati, kifua mbele. Msichana wa dawati la mbele akaivuta picha, akaikuza, akaigeuza.

"Lakini Mwalimu, hiki si kisiki?"