Mkanda wa mkono bandia ulikuwa unanichubua kwapa: jinsi nilivyotatua

Natumia mkono bandia wa waya: nikisukuma bega mbele, waya unavutika na kulabu, iliyo mahali pa kiganja, inafunguka. Shida ilikuwa kwapa la upande wa pili, wenye mkono wangu mzima (usio bandia), ambako unapita mkanda unaoshikilia mkono bandia. Mkanda ulilichubua hadi jioni nikashindwa kufungua kulabu. Nilijaribu poda, sponji, kisha kulegeza mkanda. Ukilegea, kulabu haifunguki vizuri.

Kilichosaidia ni pete ya mgongoni, pale mikanda inapokutana. Yangu ilikaa juu mno. Fundi wa viungo bandia aliishusha chini ya ule mfupa unaotokeza shingoni, akaisogeza kidogo tu upande wa mkono mzima, ikalala bapa. Ndipo akakaza mkanda taratibu, huku nikifungua kulabu mbele ya kiuno, kisha mdomoni. Wenzangu, kagueni pete kwanza, kabla ya kuongeza sponji.