Taa ya ulinzi nje ya dirisha la chumba cha kulala

Taa ya ulinzi mara nyingi hufungwa ukutani karibu kabisa na dirisha la chumba cha kulala. Wenye nyumba huizoea, wakaona maadamu usingizi unakuja hakuna tatizo. Tatizo lipo. Kope zilizofumbwa hupitisha mwanga, na ndani ya jicho kuna seli zinazouarifu ubongo kama ni usiku au mchana. Mwanga, hasa wenye samawati nyingi, huzuia melatonini, homoni ya usiku. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Chicago, waliwalaza vijana wenye afya kwenye mwanga wa luksi 100 (luksi ni kipimo cha mwanga unaofika mahali). Usiku mmoja tu ulitosha: moyo ulipiga kwa kasi zaidi, na asubuhi insulini, homoni inayodhibiti sukari ya damu, ikafanya kazi kwa shida.

Wataalamu wanashauri mwanga wa chumba unacholala usizidi luksi 1. Mbalamwezi kamili haifiki hapo. Zima taa, ngoja dakika 10. Ukiona vizuri rangi za nguo zilizotundikwa, huenda mwanga umezidi.

Anzia nje, kwa sababu pazia zito kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa huzuia upepo, na kufika saa nane usiku utalifungua tu. Inamishe taa imulike chini, ikinge kwa kipande cha bati upande wa dirisha, au funga yenye sensa ya mwendo, inayojizima baada ya dakika moja. Sensa isielekee barabarani, la sivyo kila bodaboda itaiwasha. Ukibaki na pazia, lipitilize dirisha sentimita 15 kila upande na juu pia. Mwanga huvujia pembeni.

Ndani, soma boksi la balbu. Wati hazisemi rangi. Rangi huonyeshwa kwa K (kelvini): tafuta 2700K, yenye mwanga wa manjano, achana na 6500K, yenye mweupe wa samawati, chumbani. Balbu ya LED ikibaki na mng'ao hafifu baada ya kuzimwa, huenda swichi ina kitaa chake, au fundi ameunga swichi kwenye nyutro, waya wa kurudisha umeme, badala ya laivu, waya unaouleta. Hilo la pili ni hatari, maana holda inabaki na umeme. Mwite fundi arekebishe.

Mzee anayeamka kwenda chooni asiachwe kwenye giza totoro. Kuanguka ni hatari kubwa kuliko mwanga. Mwekee kitaa cha rangi ya chungwa chenye sensa chini ya kitanda, kimulike sakafu, kisifike usoni.